Magunia ya Mwisho wa Dunia

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemaliza kile kitabu cha mji uliozingirwa. Siku mia tatu! Wanachemsha mishipi ya ngozi na kunywa mchuzi wake. Kurasa za mwisho nimezisoma nimesimama, chai ikapoa mezani. Yule mzee wa vitabu vya mtumba pale Embu ananijua sasa. Akiniona tu anainama chini ya meza — Mwalimu, nimekuwekea kingine, hiki kina njaa kweli kweli.

Mke wangu Eunice ameuliza mtu mzima aliyestaafu, mwenye ng'ombe wawili na shamba la majani chai, anatafuta nini katika shida za watu waliokufa zamani. Na zile za watu ambao hata hawajazaliwa! Angeelewa? Katika vitabu hivi mwenye chumvi ndiye mfalme. Unaulizwa tu: unajua kuwasha moto? Najua. Unajua kuchinja? Najua. Miaka thelathini na minne nimefundisha hesabu na hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri namna hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeanza. Akiba haiozi, na hii ni ya miaka mitatu. Mahindi magunia sita, maharagwe matatu, mchele mawili, chumvi katoni nzima, mafuta ya kupikia madebe manne, mitungi ya maji arobaini. Na mbuzi wanne — wa maziwa, na wa ile siku maziwa yatakapokwisha. Boda boda zimepanda na kushuka hapa mchana kutwa, na Runyenjes yote ina macho.

Stoo imejaa. Mengine nimeyapanga sebuleni nyuma ya kochi. Eunice ameyatazama, hakusema neno. Mwanamke huyu akinyamaza, jua kuna jambo.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemwita Njue, fundi wa kuchimba visima. Nataka handaki nyuma ya zizi, futi kumi na mbili kwenda chini, dunia ikiharibika tuingie. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu ni shimo na ni siri yangu. Njue akacheka hadi akaegemea jembe. Siri gani, Mwalimu, na wageni wote wana matumbo? Sikumwelewa. Nikadhani ni falsafa yake.

Jumanne, 12 Agosti
Maajabu! Veronicah, jirani yetu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ameingia na mzigo wa kuni mgongoni. Nyuma yake wanawake kumi, kila mmoja na mzigo wake. Wametua, wameniambia hongera Mwalimu, umetuficha sana, wakanywa chai, wakaenda.

Basi nami nikajua habari zimewafikia. Dunia inaisha na wamekuja kujiandikisha mapema! Niliwahurumia, haki. Nikahesabu handaki litabeba wangapi. Wanne. Veronicah hayumo, anakula sana.

Jumapili, 17 Agosti
Siku ya aibu. Pasta amesimama na karatasi ya matangazo. Jumamosi ijayo, ruracio ya Igoki, binti wa Mwalimu Muriithi! Watu wanaleta mahari kutoka Meru! Kamati ibaki nyuma baada ya ibada.

Kumbe! Kwetu mtu akinunua magunia, akafunga mbuzi wanne, akachimba choo kipya, na ana binti wa miaka ishirini na minane ambaye hajaolewa, hakuna haja ya kumuuliza. Choo! Handaki langu!

Ningesimama nikasema nini? Kwamba hapana, jamani, najiandaa kwa mabomu? Mbele ya kwaya? Nimepunga mkono. Wakapiga makofi.

Na Igoki mwenyewe miezi kumi na minne hajanipigia simu. Tangu siku ile alipomleta Gitobu wake nyumbani, kijana wa tuktuk pale mjini Meru, nami nikasema mbele ya wageni kwamba mtu wa maana huwa na magurudumu manne. Watu walicheka. Igoki hakucheka. Alichukua mkoba wake akaenda naye Meru, chakula akakiacha kwenye sahani. Kuku alikuwa amechinjwa kwa ajili yake.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimemwambia Eunice afute mambo yote. Anasema muda umepita. Veronicah ameshampigia mjomba wa Gitobu, na wamekubali siku hiyo hiyo, walikuwa wanangoja kuitwa tu. Na nani alimpa Veronicah namba?

Eunice akageuza chapati. Mimi, akasema. Ulitaka nimwambie kwamba mume wangu anangoja dunia iishe?

Jumatano, 20 Agosti
Wanaume wa kanisa wameezeka handaki kwa mabati. Wametia mlango. Wameandika WANAUME kwa rangi nyekundu. Njue amechimba jingine la wanawake, bure, ati ndio mchango wake.

Veronicah amefungua gunia la maharagwe akakuta dumuzi. Ameyaanika yote uani. Nikapiga kelele — acheni hayo, ni ya mwaka wa tatu! Wote wakanigeukia. Mwaka wa tatu wa nini, Mwalimu? Nikakosa pa kupita. Nikasema: wa ndoa. Wakapiga vigelegele. Mmoja alifuta machozi, akasema laiti angekuwa na baba kama mimi!

Ijumaa, 22 Agosti
Kitabu kipya, cha jua lililozimika. Kizuri, ila hakipandi. Nimesoma ukurasa mmoja mara nne.

Nimeona kitu ambacho sikukiona katika vingine vyote. Mji ukishaanguka, chakula kikiisha, hakuna mtu anayerudi kutafuta televisheni. Kila mmoja anatoka kumtafuta mtoto wake. Anavuka barafu, anavuka maiti, anakula majani. Na mimi dunia yangu ni nzima. Barabara ni lami mpaka Meru, saa mbili tu. Sijaenda hata mara moja! Nimenunua chumvi.

Nimemkosea mtoto wangu. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 23 Agosti
Wamefika. Tuktuk tisa! Kutoka Meru, na zile kona zote na mvua hii ya rasharasha! Ya mwisho imesukumwa na wazee wenye suti. Wameimba langoni wee, mpaka Veronicah akatosheka, ndipo wakafunguliwa. Gitobu amekonda. Au ni ile suti.

Igoki alishuka kwenye tuktuk ya kwanza. Alimkumbatia mama yake. Alimkumbatia Veronicah. Njue naye alisalimiwa kwa mikono miwili! Mimi nilipewa mkono, macho yake kwenye tai yangu.

Wamekula mwaka wa kwanza na wa pili. Wazee wamezungumza, wamekubaliana, wamecheka. Likabaki lile jambo la mwisho. Sisi ni watu wa kanisa, hatunywi pombe, kwa hiyo ni uji. Binti anamimina, anamletea baba yake, na baba anamuuliza mbele ya watu wote: mwanangu, ninywe? Akisema kunywa, amekubali kwenda, na baba akinywa amemruhusu. Baba asipouliza, wageni wanarudi kwao na mbuzi wao.

Igoki akasimama mbele yangu na kikombe. Watu sitini wakatutazama. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Mimi, niliyepiga kelele darasani miaka thelathini na minne! Nikasema naja, nachukua sukari.

Sasa niko stoo. Nimekalia gunia la mwisho la mchele, daftari hili gotini. Sukari iko hapa kando, si hoja. Nje mjomba wa Gitobu anakohoa. Veronicah ameanzisha pambio, limeishia njiani. Eunice haniiti. Ameniachia mwenyewe.

Naogopa. Nikimuuliza atajibu, na akijibu nitalia mbele ya watu wa Meru. Na nisipouliza atapanda tuktuk ile, na sitamwona tena. Wala simu hata moja. Nalijua hilo jinsi ninavyojua jina langu.

Nasikia viatu mlangoni. Si vya Eunice.

Ni yeye. Amesema, Baba. Miezi kumi na minne! Amesema tena: Baba, kikombe kinaniunguza. Niulize.

Mlango huu hauna kufuli, na yeye anajua, amekulia hapa. Anaweza kuusukuma kwa goti. Hausukumi. Namsikia akihamisha kikombe mkono huu, mkono ule. Naweka kalamu, nafungua mlango.