Yale Ambayo Daktari wa Kikorea Hakusema

Tassia, Jumapili

Kwako Mama,

Bwana asifiwe. Goti linasemaje, na paa la jikoni mliliziba kabla ya mvua? Sisi huku hatujambo. Mkweo Wycliffe amepata kazi ya kuchomelea milango Kariobangi, mimi bado napakia biskuti kiwandani. Nimeandika kwa sababu kwa simu ungesema "achana na hayo," kisha uniulize bei ya unga.

Unamkumbuka Mama Wanjiru, jirani yangu aliyekutumia majani chai. Huyo anapenda tamthilia za Wakorea kuliko chakula. Kila Jumapili tukitoka kanisani nakaa kwake, tunakata mboga ya sukuma tukitazama. Maandishi ya Kiingereza hupita chini mbiombio, na changu unajua kiliishia darasa la nane, kwa hivyo yeye husoma akinitafsiria.

Ya miezi hii ilikuwa ya daktari wa watu waliovunjika moyo. Hana sindano wala vidonge, kazi yake ni kuuliza tu. Siku moja alikaa na mwanamke asiyeongea, na Mama Wanjiru akatafsiri: "Anamwuliza, yule mtoto ulimshika kabla hawajamchukua?"

Mama, kisu kiliniponyoka. Nikajibu mimi. Nikasema hapana, sikumshika. Nililia sana, hata sukuma tukaisahau. Jumapili zilizofuata daktari akaendelea: alikuwa msichana ama mvulana? Nani alimzika? Nikajibu yote, hata ambayo Wycliffe sijawahi kumwambia. Tangu hapo usingizi umerudi. Nimeenda pia kliniki mara mbili kuongea na mshauri. Usishtuke, sijarukwa na akili.

Basi wiki jana nikamsimulia mwenzangu wa kazini, ambaye ameitazama yote na Kiingereza anakijua. Akashangaa. "Truphena, mle hakuna mtoto. Yule mwanamke alifiwa na dada yake."

Nilimwendea Mama Wanjiru nimefura. Hata hakukana, aliendelea kusuuza vikombe.

"Ningekuuliza kwa mdomo wangu, ungejibu?"

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Ulienda kwenu kujifungua, ukarudi mikono mitupu. Miaka miwili nakusikia ukilia, na ukuta kati yetu ni huu mmoja mwembamba. Mimi nilizika wawili, na hakuna aliyeniuliza kitu."

Hasira iliniisha, nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe.

Sasa Mama, mimi nakuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Najua desturi ya kwetu: mtoto aliyezaliwa bila kulia hafanyiwi matanga, akina mama wazee humzika, na aliyemzaa haonyeshwi mahali ili azae tena. Sikulaumu, ulitaka nipone. Lakini sikupona. Desemba nakuja, na sitaki kufagia uwanja nikihofia kila ninapokanyaga. Nionyeshe mahali pake.

Nisalimie nyanya, Kukhu wetu, umwambie blanketi lake nimeshanunua. Wasalimie pia shangazi, yule mke wa mchungaji, na kaka yangu mdogo, naye aache kunitumia picha za viatu.

Barua hii usimpe mtu akusomee. Vaa miwani, kaa jikoni peke yako. Jibu si lazima uliandike, utaniambia nikifika. Ni swali moja tu, Mama, na hili halikutoka kwa daktari wala kwa Mama Wanjiru. Wewe ulimshika?

Ni mimi binti yako,
Truphena