Mstari Alioniachia Naima

Temeke,
Jumapili, 17 Septemba 1995

Kwa dada na shemeji yangu Munira,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, macho yake yanaonaje sasa, au bado anawatambua watu kwa sauti kabla ya sura? Mie huku nipo, afya ninayo, na majirani wote wanakusalimu. Mabati ya jikoni uliyoniambia nigongelee nimeshagongelea.

Tangu mlipoondoka baada ya arobaini, nyumba imekuwa kubwa. Bado napima mchele wa watu wawili, na nikishatia maji ndipo nakumbuka. Kuku wa jirani wamenenepa kwa viporo vyangu. Kanga ya mwisho ya ndugu yako Naima iko pale pale kwenye kamba ya ndani. Sijaikunja, maana yeye alikuwa na namna yake ya kukunja, na mie siijui.

Kazini bado naenda, kule kule Mwenge. Najua kazi yetu hukuwahi kuielewa, na wewe ndiye uliyekuwa ukimtania Naima kwamba analipwa kwa kuuza hewa. Ngoja nikueleze kidogo, kwa kuwa habari yangu ya leo imo humo. Naima aliandika programu ya kubana mafaili, ili rekodi za zahanati nzima zienee kwenye diski moja ya kutia mfuko wa shati. Programu za watu wengine haziingii ndani yake. Zinabisha hodi kwenye milango miwili tu, mmoja wa kubana na mmoja wa kufungua, zinakabidhi mzigo na kusubiri.

Utakumbuka kilichotokea Kigamboni wiki tatu baada ya maziko. Karani wa zahanati, Theonest, alifungua faili kubwa kuliko nafasi iliyokuwepo, likamwagika juu ya majina ya watoto wa kliniki. Mama huyu akapata mtoto wa yule. Waliyaandika upya kutoka kwenye kadi, siku kumi na mbili. Halafu siku ya arobaini Mzee Husseinali, bosi wetu, alikuja kutupa pole, akasema mbele yako, kwa upole wake, kwamba Naima alikuwa hodari ila kazi ya mwisho aliiharakisha. Nilikuona ukikunja mkeka ambao watu walikuwa bado hawajauondokea.

Mwezi uliopita mzee alinipa kazi ya kuitengeneza upya ile milango, kwa kuwa aliyebaki anayeusoma mwandiko wa Naima ni mie. Zamani mtu alikuwa anasema tu, nifungulie. Sasa lazima aseme pia ana nafasi kiasi gani, na mlango umjibu kwa namba. Sifuri ni salama. Moja ni kwamba nafasi haitoshi, na hapo hakimiminwi kitu. Maneno ya kwenye kioo cha kompyuta yakaamriwa yatoke yote. Naima alikuwa ameweka, kila kazi ikiisha, kioo kiandike: Tayari. Umekula? Aliniwekea mie, kwa vile nilikuwa nasahau chakula cha mchana, kisha swali likasahaulika humo likavuka hadi Kigamboni. Mzee alisema wateja wapya hawatapenda kuulizwa habari za chakula na mashine. Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Nikayatoa.

Tulipompelekea Theonest diski mpya, siku ya pili akapiga simu baada ya alasiri. Alikuwa amekaa mbele ya mashine tangu asubuhi bila kugusa kitu.

“Braza, haijaniuliza kama nimekula,” akasema. “Sasa mie nitajuaje kama imemaliza?”

Nikamwambia ilimaliza saa tatu. Akanitania kwamba basi nimemfungisha Ramadhani katikati ya mwaka. Nilimweleza kwamba siku hizi mlango unajibu kwa namba, na programu yake yeye ndiyo itakayoamua imwambie nini mwenyewe. Akaniomba nimwandikie swali lile lile, liwe la kwake huko. Nilivuka kwa pantoni Jumatano, nikamwandikia. Likatokea kwenye kioo chake, akajibu kwa sauti kwamba bado, akatoka kwenda kutafuta mihogo. Nilibaki nimekaa pale.

Shemeji, haya yote nimeyatanguliza kwa kuwa ninaogopa linalofuata.

Alipolazwa, Naima alinipa daftari lake, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, niichape sehemu iliyobaki ya programu. Humo kulikuwa na mstari mmoja, kaupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kazi yake ilikuwa kupima nafasi kabla ya kumimina. Nilipoujaribu, programu ilisimama kila mara, ikidai nafasi haitoshi. Sikujua kurekebisha, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekaribia. Nikaufunga ule mstari usifanye kazi, ikapita. Nilitaka kumpelekea habari njema. Akaniuliza, vipi, imekubali? Nikasema imekubali, kama ulivyoandika. Akafurahi mpaka akaomba anyanyuliwe akae. Siku ya nne akafariki.

Nilipoitengeneza upya milango ndipo nikaelewa kwamba mstari ule ulikuwa sahihi; ulikataa kwa kuwa hakuna aliyeuambia nafasi ni kiasi gani. Kwa hiyo hakuharakisha yeye. Niliharakisha mie, na mbele ya mkeka ule nilisikia jina lake likichukua kosa langu, nikanyamaza.

Juzi nilimwambia Mzee Husseinali. Alivua miwani, akasema niyaandike palepale watu wanaposoma. Ukurasa wa kwanza wa maelezo ya toleo jipya sasa unasema: Mstari wa kupima nafasi uliandikwa na Naima. Sadallah aliuondoa bila kumwambia. Umerudishwa kama alivyouandika. Theonest ameusoma. Nakala nimeifunga pamoja na barua hii.

Naomba umsomee Mama, polepole, na jina langu usiliruke. Kunisamehe si jambo la kuharakisha, nami sikuombi leo. Daftari lipo, ukilitaka nitalileta mwenyewe.

Wasalimie watoto na wote wa nyumbani. Mwambie Mama kwamba leo, kabla ya kukaa kuandika, nimekula.

Ni mie shemeji yako,
Sadallah