Wingu la Sakafuni

Jumatatu, 4 Machi

Nimemaliza kulainisha sakafu ya ukumbi saa nane mchana. Kazi safi. Najua mwenyewe, sihitaji kusifiwa. Magunia ya kuifunika nilikuwa nimeshayaloweka. Msimamizi akatazama juu, pale mabati hayajafika, akaona wingu jeusi. Kiwewe kikamshika — lete nailoni! Nikamwambia nailoni hailazwi juu ya saruji mbichi, ikikunjamana inaacha madoa. Magunia kwanza. Akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kumfundisha. Wenzangu wakacheka. Nikatandika nailoni, yeye akinionyesha kwa kidole pa kuivuta.

Fundi bomba, ninayekaa naye chumba kimoja, alipita akapiga picha. Huyo anapiga picha kila kitu, hata viatu vyake.

Mvua haikunyesha. Hata tone.

Alhamisi, 7 Machi

Tumefunua. Kila mkunjo wa nailoni umeacha doa, jeupe hapa, jeusi pale. Ukumbi mzima! Mafundi wa hapa doa la namna hii wanaliita wingu. Mimi niliishia darasa la tano, na hadi hapo wingu lilikuwa la mvua tu. Mwalimu alituchorea moja ubaoni, limevimba kama kondoo, basi. Huku ugenini nimekuta ya kila aina. La vumbi tunapokata mawe. La inzi chooni. Na la usoni — Msimamizi leo aliingia nalo tangu getini.

Akasema mbele ya wote kwamba nilichanganya saruji kwa maji machafu. Mimi! Maji niliyoyanywa mwenyewe.

"Fundi, wingu hili ni lako," akasema. "Jumamosi Mhandisi anakuja. Mwenye kosa atafungasha."

Neno la mwisho alilitoa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Namchukia. Sasa nimeandika, roho imetulia kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 8 Machi

Dada amepiga simu kutoka nyumbani wakati wa chakula. Wingu la jicho la mama limefunika mboni yote. Jicho jingine nalo limeanza. Watu anawatambua kwa kikohozi. Daktari amempangia upasuaji mwezi ujao, na gharama niliikubali mimi. Nikamwambia dada huku kwema. Nikifukuzwa hapa, jicho la mama limefukuzwa nami.

Ndipo nikakumbuka ile picha. Nikamkimbilia fundi bomba. Kumbe simu yake ilidumbukia kwenye tangi juzi! Akanicheka. Picha zake hazikai kwenye simu, zinakaa kwenye wingu, na wingu linafunguka kwa simu ya mtu yeyote. Nikamuuliza wingu gani tena hilo, na nani analilinda.

"Ndugu yangu, tulia," akasema. "Nailoni itaonekana. Na kidole cha Msimamizi kitaonekana."

Akaapa. Mara mbili.

Nikawauliza na wenzetu. Hakuna aliyeona kitu Jumatatu. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu, mwingine alikuwa amegeukia ukuta. Watu sita, macho kumi na mawili mazima! Wakati wa kucheka mbona waliniona?

Jumamosi, 9 Machi

Mhandisi amefika saa tatu. Salamu hakuna. Akakanyaga madoa mwanzo hadi mwisho, akauliza nani. Msimamizi akaninyooshea kidole — kilekile. Nikasema nailoni niliamriwa, na picha ipo. Msimamizi akawa wa kwanza kutoka nje, eti kuna mzigo getini. Mhandisi akatazama saa. Anatupa nusu saa, halafu anataka jina la kuandika.

Fundi bomba amekwenda kwenye kibanda cha mlinzi kuazima simu. Mimi naandika hapa nimekalia mfuko wa saruji, maana kukaa bure siwezi. Mhandisi anapiga hatua huku na huku. Dakika ishirini sasa. Wingu linafunguliwa muda gani?

Nimesimama nikachungulia. Kibanda kiko wazi. Simu ya mlinzi iko mezani, imelazwa kifudifudi. Fundi bomba ameketi, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi. Anayemmiminia chai ni Msimamizi.