Ubao wa Tatu kutoka Nyuma

Tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu,

Wewe mtoto una moyo wa jiwe la kusagia. Miaka kumi na moja! Hata mfungwa hupangiwa siku ya kutoka. Simu hupokei ukiona namba ya huku, ndiyo maana nimekuja kwa fundi cherehani aniandikie, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Karatasi haikatwi kama simu.

Haya, hujambo? Afya yako? Kile kifua cha utotoni kilikwisha? Sisi wazima. Babu yako macho yanamsumbua lakini mdomo bado mkali. Mimi ni magoti tu, kila nikiinuka yananitangulia kulalamika.

Sasa sikiliza. Diko letu, pale pwani vyombo vinapotia nanga, ukilikanyaga leo utadhani umeshukia kwa watu wengine. Mashua za mbao zimekwisha, hata moja haipo. Zimekuja boti za faiba, nyeupe kama bakuli, mashine nyuma, sanduku la barafu katikati. Samaki anauzwa kwa simu kabla hajafika nchi kavu. Na nani anavua? Wanawake! Mabinti wawili wa jirani wanavaa majaketi ya kuelea, wanaruka ndani, wanakaa mbele kabisa. Na mzee wa diko, yuleyule aliyesema mwanamke akikanyaga chombo kinalaaniwa, ndiye anayewasukumia. Nikamuuliza, "Na laana je?" Akacheka, "Bibi, zamani tulikuwa wajinga."

Kwa hiyo ile habari yako imekwisha. Hakuna anayekusema tena. Tulikuwa wajinga. Njoo nyumbani, ulale hata usiku mmoja.

Fundi anasema nipunguze ukali. Nimemwambia ashone anachoambiwa.

Bibi yako


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini mu wazima na magoti yamepata nafuu. Mimi mzima. Kifua kilikwisha. Siku hizi ni fundi umeme, natandaza nyaya kwenye nyumba za watu. Nimefanya nyumba zaidi ya mia, hakuna hata moja iliyoungua. Nazihesabu, Bibi. Unajua kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Ulinipa chakula cha Babu, ukasema nimwahi kabla hajaondoka. Maji yalinifika kifuani, nikapanda mashua nimpe mkononi. Siku ya tatu ikazama na nyavu zote, na watu watano wakaokotwa wameng'ang'ania madumu. Mzee wa diko akasema ni miguu yangu. Babu akasema nisikanyage dikoni tena, na tangu hapo hakuitikia salamu yangu. Wewe ulisimama palepale. Kisha ukanifungia virago.

Unasema mlikuwa wajinga. Mimi sijui. Hapa kuna kivuko cha kwenda ng'ambo, wenzangu hukipanda kila asubuhi kwenda kazini. Mimi nazunguka kwa barabara, saa mbili nzima. Sijawahi kukipanda hata mara moja. Kina watoto ndani, Bibi.

Siji. Msalimie Babu, kama anapokea.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo, mama? Kazi inaendelea? Hapa wote wazima isipokuwa mimi, na mimi siumwi.

Barua yako fundi alinisomea mara moja tu. Alipofika kwenye kivuko nikamwambia anyamaze. Wiki saba nimeibeba kwenye upindo wa nguo, nazunguka nayo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo nataga, hata yai likiwa viza.

Fundi ameshatoa macho kabla sijaanza. Nimemwambia, "Wewe ndiye wa kwanza kusikia. Ukiwa wa kwanza kusema, nakushona mdomo kwa sindano yako mwenyewe."

Si miguu yako.

Mashua ya mbao huvuja kwenye maungio, kwa hiyo kila mwaka huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Ya babu yako nilikuwa naiziba mimi. Ikishapinduliwa mchangani mwanamke aliruhusiwa kuigusa kwa nje. Kazi ya kuchosha haijawahi kuwa na mwiko. Mwaka ule pamba iliniishia kwenye ubao wa tatu kutoka nyuma. Dukani ilikuwepo, na nguvu za kwenda nilikuwa nazo. Lakini kwa jirani kulikuwa na harusi, watu wameshaanza kuimba, nami nilitaka kiti cha mbele. Nikachana shuka kuukuu, nikasokomeza matambara, nikapaka mafuta juu pang'ae. Nikajiambia, kesho nitarudi. Sikurudi. Mashua ya babu yako ilizama kwa kiti cha mbele cha harusi.

Mzee wa diko aliponyoosha kidole kwako, moyo wangu ulishukuru. Hilo ndilo linalonichoma. Si kwamba nilikosa la kusema. Nilishukuru. Nikakufungia virago nikijua, na juu yake nikakugombeza kwamba unalia sana.

Nilikuandikia kwamba tulikuwa wajinga. Wenzangu ndio waliokuwa wajinga. Mimi nilikuwa mwongo, nikajificha nyuma ya ujinga wao. Tangu nisikie habari ya kivuko, aibu imenikaa usoni kama masizi, na sina cha kujifutia.

Panda kivuko, mama. Huna kosa.

Bibi yako


Tarehe 30 Juni

Bibi,

Barua yako nimeipata. Niliiweka juu ya kabati muda wote huu kwa sababu niliogopa nitakachokuandikia.

Umemwambia fundi cherehani, umeniambia mimi. Babu unakaa naye nyumba moja, na mpaka leo anaamini damu yake mwenyewe ndiyo iliyomzamishia chombo. Mwambie. Kwa mdomo wako, si kwa karatasi.

Mjukuu wa Babu


Tarehe 22 Julai

Mjukuu wa Babu,

Hali yako nakuuliza nimeinamisha kichwa. Uzima upo? Huku upo, ila nyumba imenyamaza.

Nimemwambia. Alikuwa anakunywa chai. Nikasema nimsubiri amalize, kisha nikaona nikisubiri tena nitazeeka mara ya pili. Nikasema. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ubao gani?" Nikamwambia wa tatu kutoka nyuma, upande wa kulia. Akasema, "Nilipitisha mkono pale, nikasema mke wangu ana kazi safi."

Akachukua fimbo akaenda dikoni, mimi nyuma yake. Watu walikuwa wanashusha samaki. Akasema, "Mke wangu ana neno." Nikalisema lote, la shuka na la harusi. Unajua walifanya nini? Walicheka! Wale mabinti walishikana mbavu: "Bibi, na harusi yenyewe ilinoga?" Mzee wa diko akanipigapiga bega, "Yaache hayo, bibi. Zamani sote tulikuwa wajinga." Nilitamani wanizomee. Msamaha wa mtu usiyemkosea haushibishi.

Babu yako ndiye aliyewanyamazisha. "Ujinga ulikuwa wangu na wenu," alisema. "Huyu alijua." Halafu akamgeukia mzee wa diko: "Na wewe unayecheka, mtoto wa miaka kumi na tano ulimnyooshea kidole, mimi nikakifuata." Wakarudi kwenye samaki wao, kila mtu anatazama mikono yake.

Tangu siku hiyo anakula ninachopika, lakini hanisemeshi. Kimya hicho ni haki yangu, nakila kama chakula. Jana alikuja mwenyewe hapa kwa fundi. Hakutaka barua ndefu. Alitaka tu uandikiwe kwamba salamu zako zote alizoziacha njiani anaziitikia sasa. Akaanza: marahaba, marahaba, marahaba. Aliendelea mpaka fundi akaweka kalamu chini.

Kukuita anaona haya. Yangu imeshaanikwa juani mbele ya watu, basi nakuita mimi. Ukija, usianze kwangu. Babu utamkuta barazani. Mwamkie, kaa naye mpaka mmalize yenu. Mimi nitakuwa jikoni. Usije kwa kunionea huruma. Moyo ukitaka, piga hodi. Usipotaka, chakula kitakuwa mezani: kula ushibe, mjukuu wangu, halafu nenda salama.

Bibi yako, ukipenda