Nusu Painti Juu ya Kaunta ya Baba Yako

Mtaa wa Kickham,
Clonmel.
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Binamu Donncha,

Salamu nyingi kwako, kwa Orlaith na kwa mtoto. Goti lako limepona? Huku tu wazima, ila mafua hayajatuachia.

Baba yako anafunga baa. Mama yako ndiye aliyenithibitishia leo baada ya misa, akaniomba nikuandikie, maana mzee mwenyewe hatakwambia. Najua umekuwa ukipanga kurudi kutoka Perth uishike, kwa hiyo nakueleza ya jana bila kupamba.

Jana jioni tulizunguka baa kulinganisha bia nyeusi, mimi, Brid na Fintan muuza nyama, kama kila Novemba. Painti moja, ile glasi kubwa iliyojaa, kila mahali, na kwenu ndiko mwisho, ndiko kunakoshinda. Kwa Hanrahan ilikuwa baridi hadi haina ladha. Karibu na stesheni mhudumu aliijaza glasi kwa mara moja, hakungoja itulie. Brid akamwuliza kama anawahi treni.

Kwenu hakukuwa na mteja mwingine. Baba yako alimimina, akangoja itulie, akamalizia polepole mpaka povu likasimama juu ya ukingo. Kwa macho hakuna aliyemfikia. Mdomoni ilikuwa imechacha. Pipa moja sasa linakaa wiki nyingi, na bia nyeusi ikikosa wanywaji huharibikia kwenye mirija. Yeye hakujua, tangu daktari amkataze hajaonja. Mji mzima unaapa kwamba ya mzee wako Malachy ndiyo bora, kisha unakwenda kunywa kwa Hanrahan, kwenye televisheni kubwa.

Mimi na Brid tulimaliza zetu tukasifu. Fintan aliiacha nusu. Unajua kwetu ni heri umtukane mwenye baa kuliko kumwachia bia yake.

"Ina nini?" baba yako akauliza.

"Nimeshiba, Malachy."

"Wewe? Tangu lini? Sema, bwana."

"Imechacha, mzee wangu."

Akaichukua ile glasi ya Fintan, akaonja, akaimwaga kwenye sinki. Akaisuuza, akaipangusa, akaiweka mahali pake.

"Mngekuwa mnakuja zaidi ya mara moja kwa mwaka," akasema, "ningeambiwa mapema."

Kisha akatuzimia taa za mbele. Leo Brid hasemi na Fintan. Mimi nasema naye.

Usije kwa ajili ya baa, Donncha. Wanaoisifu hawatakuja kunywa, hata ukimimina wewe.

Gobnait dada yako anakusalimu, na mama yangu pia. Mungu awatunze ninyi watatu na awape kazi isiyowatoa roho.

Dalali anakuja kuithamini baa iuzwe Alhamisi, tarehe ishirini, saa nne asubuhi. Ukitaka kuzungumza na baba yako akiwa bado nyuma ya kaunta yake, piga simu Jumatano, siku moja kabla.

Nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,
Eunan