Maharagwe Niliyoyaongezea Thamani

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Mawingu yamekaa juu ya Gatwekera, hapa Kibera, tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Kama ni kunyesha, nyesha tujue! Nimeketi, nimesimama, nimefagia mlangoni mara tatu. Hapo hakuna uchafu.

Nina shida, na nimejiletea mwenyewe. Haya, nimesema.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu. Wageni, sikieni: nachemsha maharagwe. Jioni nachagua mawe na kuloweka, alfajiri nawasha moto, saa nne yameiva. Majirani wananunua kwa kikombe, kila mtu anaenda kukaanga kwake. Lakini anayechukua ndoo nzima ni Mama Mercy, mwenye hoteli ya chapati na madondo, yaani maharagwe ya kukaanga, kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Bila ndoo yake, hivi vikombe vya majirani havitoshi hata makaa. Afadhali nizime moto nirudi Bungoma nikafuge kuku.

Sasa, Jumamosi chama chetu cha akina mama kililetewa mwalimu wa biashara. Kijana mdogo, viatu vya ncha. Akasema chukua bei unayouzia, toa vitu vyote ulivyonunua, maharagwe, makaa, maji. Kinachobaki ndicho ulichoongeza wewe kwa mikono yako. Mahindi yakiwa unga, kuna mtu ameongeza kitu. Ngozi ikiwa kiatu, vilevile. Mpaka hapo nilikuwa naye. Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini ninasikia.

Halafu akaniuliza mbele ya watu, kama anayemuuliza nyanya yake: "Na wewe, shosho, unaongeza nini?"

Nikasema, "Mimi nachemsha tu."

Wakacheka. Na mimi, niliyelea watoto watano kwa huo moto, nikacheka nao.

Hapo ndipo nilipoumia. Nilicheka.

Siku nne hilo jambo limenikaa kooni kama mwiba wa omena. Leo asubuhi nikasema watanijua. Maharagwe yalipoiva nikayakaanga yote, sufuria nzima. Vitunguu, nyanya, hoho, dania, chumvi. Harufu ikafika mpaka njia ya reli.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu Mama Otis. Akachungulia, akarudisha kikombe chake kwapani.

"Yale ya kawaida hakuna?"

"Haya ni mazuri zaidi."

"Mzee wangu alikatazwa chumvi na daktari, mama. Si unajua?"

Ninajua. Nimemuuzia mwaka wote bila chumvi. Badala ya kunyamaza nikamwambia ushamba haujamtoka. Akaenda.

Ningekuwa na akili ningesimama hapo. Nikapanda boda na ndoo yangu mpaka Kawangware.

Mama Mercy alikuwa anasukuma chapati. Akafunua ndoo, akaangalia, akaniangalia mimi.

"Kukhu, hii ni nini?" Huniita hivyo, Kukhu, yaani nyanya, kama wajukuu wangu.

"Maharagwe. Nimekuongezea thamani."

"Umeniongezea ama umeniondolea? Mafundi wa mjengo wanapita hoteli tatu ndio wafike hapa. Wanafuata mkono wangu. Sasa mimi nifanye nini, nipakue tu kama kijiko?"

"Onja kwanza."

"Sitaki kuonja! Mtu akiumwa tumbo ataniuliza niliweka nini. Nitamwambia sijui, muulize Kukhu wa Kibera?"

Wateja wakaanza kutabasamu. Mimi nikitabasamiwa hivyo, kichwa kinawaka. Nikamwambia nilikuwa napika kabla mama yake hajajua kuosha sufuria.

Akapangusa unga mikononi, polepole. "Basi fungua hoteli yako, mama. Mimi nitatafuta mtu wa kunichemshia hapa hapa Kawangware."

Aliniita mama, si Kukhu. Nilisikia.

Nimerudi na ndoo. Kufikia saa nane, maharagwe yenye nyanya yalikuwa yameanza kutoa povu, kwa hili joto la mawingu. Maharagwe ya kuchemsha tu yangefika jioni. Nimemwaga chakula. Mimi! Mimi ninayewagombeza watoto wa watu wakiacha ukoko.

Nekesa, mjukuu wangu anayesomea biashara chuoni, amerudi akanikuta nasugua sufuria. Sikutaka kumwambia, nikamwambia. Hakucheka, na hilo limenisaidia.

Akaniuliza, "Kukhu, kwa nini Mama Mercy hachemshi mwenyewe?"

"Achemshe wapi? Ana jiko moja na lina chapati tangu alfajiri."

"Na Mama Otis?"

"Huyo anafua nguo za watu mpaka jioni. Nani atamkalia sufuria masaa matatu?"

"Sasa wanakulipa kwa sababu ya nini?"

Nikaacha kusugua.

Wananilipa masaa. Wananilipa macho yangu yanayotoa mawe ili jino la fundi lisivunjike. Nachukua punje ngumu namkabidhi mtu kitu laini, na hapo ndipo mimi naishia. Kitunguu ni chake. Nilipokaanga nilimnyang'anya Mama Mercy kazi yake, nikataka anishukuru.

Na mwalimu hakukosea, nimemlaumu mtoto wa watu bure. Nekesa ametoa kwenye mkoba wangu karatasi alizotugawia mwalimu, na ukurasa wa pili umeandikwa wazi: kabla hujaongeza chochote, muulize mnunuzi anachotaka. Mwalimu alipokuwa akilisema hilo mimi nilikuwa nimeshafunga masikio, nafikiria wale wanawake waliocheka.

Nimeenda kwa Mama Otis. Amenifungulia mlango nusu, nikasema kesho ni yale yake ya kawaida. Akasema sawa. Huyo ni jirani, tutaonana hata tusipotaka.

Huyu wa Kongo ndiye ananitoa jasho.

Tangu saa kumi ninazunguka haya mabeseni. Nikiloweka yake na awe ameshapata mtu mwingine, nitabaki na ndoo nyingine ya kumwaga. Nisipoloweka, kesho atakuwa na chapati bila madondo, na hapo nitakuwa nimemkosea mara mbili. Nekesa anasema nimpigie simu. Aa. Nilimtukana mbele ya wateja wake, siwezi kwenda kujificha nyuma ya simu.

Nimefundisha watoto watano kusema pole. Mimi mwenyewe sijawahi kumwambia mtu niliyemzidi umri.

Nimeloweka. Ndoo nzima, mawe yote yametoka, nimechagua mara mbili.

Kesho saa tano niko Kongo. Nitasema pole mbele ya wale wale watu wa mjengo, wacheke wakitaka. Ndoo nitaiacha nje kwa boda kwanza, asije akadhani hata pole yangu nauza.