Mama Ajifunza Kusoma Kwenye Maktaba ya Watoto

Dada Zuhura, shikamoo. Nimefika Tabora salama. Jana sikumkuta Mama nyumbani. Jirani akanielekeza maktaba, tena chumba cha watoto! Nikamkuta amekaa kati ya watoto wa darasa la kwanza, hedifoni masikioni, anagusa kishikwambi kinachomtamkia silabi moja moja. Mama yetu, wa kuweka dole gumba badala ya saini!

"Hiki nikikosea hakinicheki," akaniambia, kisha akanisomea ukurasa mzima bila kukwama.

Nilifurahi, mpaka tuliporudi nyumbani. Akatoa zile barua za Baba tulizokuwa tukimsomea utotoni, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa mlinisomea kwamba atarudi Idi. Mbona kaandika harudi tena?"

 Dada, nilidhani siri ile tutazikwa nayo.

Akaikunja barua taratibu. "Mlikuwa wadogo mno kunibebea hili," akasema, akanisogezea bakuli la michembe ya viazi vitamu.

Anakusalimu kwa mapenzi yote. Anasema sasa ukiandika, umwandikie yeye mwenyewe.

Mdogo wako,
Hamisi